Meli ya Mbio Iliyoangushwa na Njaa: Uchambuzi wa Kisa cha Kaiser Wilhelm der Grosse, 1897–1914

Kwa nini kisa hiki

Kila ninapopata darasa jipya la wasimamizi wa usafirishaji, huwa sianzi na malori wala makontena. Naanza na meli ya Kijerumani iliyozama Agosti 1914 kwenye pwani ya jangwa la Sahara. Wanafunzi hushangaa kidogo, wengine hufungua simu zao chini ya meza. Baada ya nusu saa simu zinawekwa, kwa sababu hesabu za kisa hiki mtu yeyote anaweza kuzifanya kwa kalamu na kipande cha karatasi, na jibu lake linauma.

Meli, bandari na tarehe nimeziacha kama zilivyokuwa, maana bila hizo kisa hakisomeki. Watu nawataja kwa vyeo tu: kamanda, nahodha, abiria. Tunachochunguza ni maamuzi. Wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, na kuna wakati kila mmoja wao alifanya jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya vilevile.

Swali ni hili. Meli iliyowahi kuwa ya kasi kuliko zote katika Atlantiki ilikutwaje imesimama, nanga chini, na manowari iliyozidiwa nayo kwa mbio?

Usuli: meli na kazi iliyoundiwa

Mwaka 1889 Kaisari wa Ujerumani alikwenda Uingereza kwa gwaride la meli huko Spithead. Akatembezwa ndani ya Teutonic, meli mpya ya abiria ambayo Waingereza walikuwa wameijenga ikiwa na nafasi za kufungia mizinga, ili vita vikija igeuzwe manowari. Alirudi kwao na wivu. Kwa hiyo wazo la kuichukua meli ya abiria na kuipeleka vitani halikuzuka 1914. Lilikuwapo kabla hata bamba la kwanza la chuma halijakatwa.

Kampuni ya Norddeutscher Lloyd ya Bremen ndiyo iliyoagiza, na kiwanda cha Vulcan huko Stettin, mji ambao leo ni Szczecin nchini Poland, ndicho kilichojenga. Mkataba ulikuwa mkali: isipofikisha kasi iliyokubaliwa, kampuni ina haki ya kuikataa. Mafundi walijua wanacheza pata potea na jina la kiwanda chao. Tarehe 4 Mei 1897 meli ikashushwa majini, Kaisari mwenyewe akitazama, ikapewa jina la babu yake.

Ilikuwa na urefu wa mita 200 hivi na ukubwa wa tani 14,349. Ilikuwa meli ya kwanza ya abiria kubeba dohani nne, zilizopangwa mbilimbili na pengo katikati, mpangilio uliotokana na namna mabomba ya moshi yalivyopanda kutoka kwenye maboila. Dohani hizo zilikuja kuwa tangazo la biashara. Wahamiaji maskini waliokuwa wakitafuta tiketi za Marekani walizihesabu dohani kama sisi tunavyohesabu ekseli za basi la mkoani: zikiwa nyingi, chombo kina nguvu. Ilichukua abiria kama 1,500, na zaidi ya 1,000 kati yao walilala daraja la chini. Juu kulikuwa na kumbi za michongo na vioo. Chini kulikuwa na watu waliouza ng'ombe ili wafike New York.

Safari ya kwanza ilikuwa Septemba 1897. Novemba mwaka huohuo ikavunja rekodi ya kuvuka Atlantiki kuelekea mashariki, na Machi 1898 ikachukua na ya kuelekea magharibi kutoka kwa Lucania ya Waingereza. Wastani wake ulipita maili za bahari 22 kwa saa. Kwa mara ya kwanza sifa ile ikahamia Ujerumani.

Sasa tuje kwenye tumbo lake. Kwa mwendo huo meli ilikula kama tani 500 za makaa ya mawe kwa siku. Sababu yake ni ya kifizikia: ukitaka meli iende mara mbili ya kasi ya awali, nguvu ya injini lazima ipande karibu mara nane. Mbio za mwisho mwisho ndizo ghali kuliko zote. Kutoka maili 11 kwenda 22 kwa saa unafika kwa nusu ya muda, lakini kila maili moja inakugharimu makaa kama mara nne. Wafanyakazi walikuwa karibu 500, na sehemu kubwa yao walikuwa watu wa makaa: wa kuyachota kwenye bohari, wa kuyasukuma kwa toroli, wa kuyatupa tanurini na wa kukwangua majivu. Mtu wa tanuri aliweza kuvuka Atlantiki nzima zamu kwa zamu bila kuyaona maji ya bahari.

Katika kazi yake ya kawaida hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Safari ni siku sita hivi. Siku sita mara tani 500 ni tani 3,000. Unafika New York, matishali ya makaa yanakusubiri, makuli kwa mamia wanayapakia, unarudi. Meli yote ilijengwa juu ya dhana kwamba kila baada ya siku sita kuna gati lenye makaa. Naomba uikumbuke hiyo dhana.

Miaka 17 ya kazi

Februari 1900 ilifungwa mitambo ya simu ya upepo, na ndiyo meli ya kwanza ya abiria kuitumia kibiashara, ikizungumza na vituo vya pwani ya Ujerumani karibu na kisiwa cha Borkum. Umbali ulikuwa mdogo, lakini abiria tajiri aliweza kupeleka salamu kabla hajafika. Miaka 14 baadaye chombo hichohicho kitaingia tena katika kisa hiki, na mara hiyo hakitakuwa cha salamu.

Tarehe 30 Juni mwaka huohuo moto ulianzia kwenye marobota ya pamba katika magati ya kampuni huko Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York. Boti za kuvuta zikaiburuta Kaiser Wilhelm der Grosse hadi katikati ya mto, ikanusurika. Meli nyingine za kampuni, Saale, Main na Bremen, ziliungua. Walikufa zaidi ya watu 300, wengi wakiwa wamenaswa chini, na madirisha ya duara ya meli yalikuwa madogo kiasi kwamba kichwa na mkono vilipita, mabega yakagoma. Waliokuwa kwenye boti waliwashika mikono watu waliokuwa wakiungua, wasiweze kuwavuta nje. Baada ya siku ile madirisha ya meli yalianza kutengenezwa mapana zaidi.

Novemba 1906 iligongana na Orinoco, meli ya Waingereza, nje ya Cherbourg; watu kadhaa walikufa. Agosti 1910, ikiwa gatini Hoboken, meya wa New York alipigwa risasi akiwa sitahani, karibu kuanza likizo yake ya Ulaya, na mpiga picha aliyekuwapo akainasa picha yake sekunde hizohizo, damu ikiwa ndevuni. Meya alipona, akaishi miaka mingine mitatu.

Kibiashara mambo yalikuwa yanaporomoka polepole. Rekodi ilichukuliwa mwaka 1900 na Deutschland ya Hamburg, na 1907 ikaja Lusitania na injini za tabaini zilizowafanya wote waonekane wazee. Tena meli ilikuwa na tabia ya kuyumba sana kwenye mawimbi, hata abiria wakaibatiza jina la utani la Billy Myumbaji. Tabia hiyo nayo iweke kando, tutaihitaji tukifika kwenye mizinga. Kufikia 1914 ilikuwa imebadilishwa kubeba abiria wa daraja la chini peke yao. Hapa Dar tungesema ni gari la waziri lililoishia kuwa daladala. Haikuwa aibu, ilikuwa bado inaingiza pesa.

Kilichotokea Agosti 1914

Tarehe 2 Agosti jeshi la majini liliichukua. Ndani ya siku mbili, huko Bremerhaven, ilifungwa mizinga sita ya milimita 105, ikapewa kamanda wa kijeshi, na usiku wa tarehe 4, siku Uingereza ilipoingia vitani, ikateleza kutoka bandarini. Ilipanda kaskazini kukwepa doria za Waingereza, ikazungukia upande wa Iceland.

Windo la kwanza, tarehe 7, lilikuwa Tubal Cain, meli ya uvuvi ya tani 227. Meli ya tani 14,000 ilitoka Ujerumani, ikaunguza makaa siku tatu, ikazamisha samaki.

Kisha ikashuka kusini hadi njia kuu ya meli karibu na Visiwa vya Kanari. Tarehe 15 ikaisimamisha Galician, meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Rasi ya Tumaini Jema. Mitambo yake ya simu ya upepo iliharibiwa, wanajeshi wawili waliokuwa miongoni mwa abiria wakachukuliwa mateka, na alfajiri iliyofuata meli ikaachiwa iendelee, kwa kuwa ilikuwa na wanawake na watoto. Tarehe 16 ilikuwa siku ndefu. Kaipara, yenye tani 7,392 na shehena ya nyama kutoka Amerika Kusini, ilizamishwa. Arlanza, meli kubwa ya abiria ya tani 15,000, ilisimamishwa, ikaamriwa itupe baharini mitambo yake ya simu, ikaachiwa kwa sababu ileile ya wanawake na watoto. Jioni ikazamishwa Nyanga, iliyokuwa na mazao ya Afrika Magharibi. Mabaharia wa meli zilizozamishwa walipandishwa kwanza. Hakuna aliyeachwa majini.

Hapo kamanda akatazama bohari zake. Hesabu sihitaji kukufanyia. Siku 13 baharini, meli ya siku sita.

Tarehe 17 aliingia Río de Oro, ghuba ya koloni la Hispania katika Sahara, mahali ambapo leo ni Dakhla. Hispania haikuwa upande wowote katika vita. Palikuwa na ngome ndogo, askari wachache, mchanga, na maji tulivu. Meli za Kijerumani zenye makaa zikamfuata humo: Duala, Arucas, Magdeburg, Bethania. Upakiaji ukaanza.

Inafaa tukae kidogo hapa. Gatini New York kazi hii ilifanywa na mamia ya makuli waliozaliwa nayo, wakipitisha makaa kwenye milango ya ubavuni. Río de Oro ilifanywa na mabaharia wenyewe. Makaa yaliyokuwa ndani kabisa ya tumbo la meli ya mizigo ilibidi yachotwe kwa koleo, yajazwe kwenye magunia na vikapu, yapandishwe kwa winchi, yavushwe hadi meli kubwa iliyokuwa juu kuliko yao, yamiminwe, halafu watu wengine waliokuwa gizani ndani ya bohari wayasambaze kwa mikono ili yasirundikane chini ya mlango. Agosti, Sahara. Vumbi la makaa linaingia puani, linakwama kooni, na jua linageuza sitaha za chuma kuwa kikaango. Unaweza kufanya kazi siku nzima na ukishuka jioni kupima bohari uone umeongeza chakula cha meli cha saa chache tu.

Sheria za The Hague za 1907 ziliruhusu manowari ya nchi iliyo vitani kukaa saa 24 katika bandari ya nchi isiyofungamana na upande. Kamanda aliwaambia maofisa wa Hispania kwamba injini zina hitilafu. Wao hawakuwa na cha kumfanya. Siku ya pili ikapita, ya tano, ya tisa.

Tarehe 26 Agosti mchana ikatokea Highflyer. Ilikuwa manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini 1898, mwaka mmoja tu baada ya Kaiser Wilhelm der Grosse, na mbio zake zilikuwa kama maili 20 kwa saa. Ilikuwa na mizinga 11 ya milimita 152. Ikamtaka kamanda ajisalimishe. Alikataa, akakumbusha kwamba wako katika maji ya Hispania. Mwingereza akajibu kwamba aliyeyageuza maji hayo kituo chake cha vita hana haki ya kujikinga nayo, akatoa muda watu wasiohitajika waondolewe.

Kamanda aliutumia muda ule vizuri. Mateka na mamia ya mabaharia wake walihamishiwa kwenye meli za makaa, nazo zikaondoka. Akabaki na wa mizinga na wachache wa kuendesha. Mapigano yalichukua muda wa saa moja na nusu hivi. Meli ilikuwa imesimama, ubavu wazi. Risasi moja ya mzinga wa Highflyer ilikuwa na uzito wa kilo 45. Ya Wajerumani kama kilo 17. Risasi zilipokwisha, kamanda aliamuru baruti zilipuliwe chini ya meli na milango ya maji ifunguliwe. Ikalala ubavu mahali penye maji machache, nusu ya mwili juu, na waliobaki wakafika ufukweni kwa mashua na kwa kuogelea.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kuipeleka vitani. Ofisini Berlin ulionekana hauna kasoro: kasi inaikwepa manowari yoyote na inaikamata meli yoyote ya biashara, wafanyakazi wapo, vitanda vya mateka vipo. Kila kilichoandikwa kwenye karatasi kilikuwa kweli. Kilichokosekana ni safu moja tu, ya makaa. Ujerumani haikuwa na bandari yake salama kati ya Bremerhaven na Kamerun.

Uamuzi wa kuwaachia Galician na Arlanza. Wanafunzi wangu hugawanyika hapa kila mwaka. Wapo wanaosema alikuwa mlaini. Mimi nasema hakuwa na jinsi nyingine na pia alifanya utu. Arlanza peke yake ilikuwa na mamia ya watu; angewaweka wapi, angewalisha nini? Ila gharama yake ilikuwa wazi: meli uliyoiachia itafika bandarini, na nahodha wake hatakaa kimya. Kuanzia tarehe 16 Waingereza walikuwa na njia ya kujua kwamba meli ya dohani nne iko eneo la Kanari.

Uamuzi wa kuzamisha Kaipara siku ileile. Huu hauzungumzwi sana, na kwangu ndio uliokuwa na fursa kubwa iliyopotea. Meli ya tani 7,000 inayotoka Amerika Kusini kwenda Uingereza ina makaa ya kuifikisha kwao. Kamanda aliona adui wa kuzamisha, hakuona bohari inayoelea. Simlaumu sana, njia ile ilikuwa na pilikapilika, na kila saa ya kusimama baharini bila kinga ilikuwa hatari.

Uamuzi wa kubaki Río de Oro. Sababu yake ni maji tulivu. Kuhamisha makaa katikati ya bahari yenye mawimbi, hasa na meli inayoyumba kama ile, ni kuzigongesha meli mbili hadi moja ipasuke. Ghuba ilikuwa jibu la busara kwa siku moja. Kwa siku tisa, meli nne za makaa zikielekea pwani isiyo na biashara yoyote, ilikuwa ni kuwasha taa.

Uamuzi wa kuondoa watu kabla ya mapigano, na wa kuizamisha meli kwa mikono yao. Huu haukuwa na kasoro.

Matokeo

Katika siku 22 za vita, Kaiser Wilhelm der Grosse ilizamisha meli tatu, jumla ya tani zisizofika 11,000. Yaani ilizamisha pungufu ya ukubwa wake yenyewe. Upande wa Highflyer alikufa baharia mmoja na wachache walijeruhiwa. Baada ya mapigano Highflyer ilituma mashua na daktari kuelekea ufukweni kuwasaidia majeruhi wa upande wa pili, jambo ambalo wengi waliliona kama malipo ya namna kamanda alivyowatendea abiria wa Arlanza na Galician.

Bethania, iliyobeba mamia ya mabaharia waliohamishwa, ilikamatwa Septemba na kupelekwa Jamaica. Pande mbili zikabishana nani aliizamisha meli, mizinga ya Waingereza au baruti za Wajerumani. Hispania na sheria zake za kutofungamana ilibaki katikati, imekosewa na wote wawili: mmoja alikaa siku tisa badala ya saa 24, mwingine alipiga mizinga ndani ya maji yake. Mabaki yalilala pale, ubavu juu, hadi 1952 yalipokatwa kwa ajili ya vyuma chakavu.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Nianze na kilichofaa, maana ni kifupi. Kutoka Bremerhaven bila kuonekana kulipangwa vizuri. Mwenendo kwa raia ulikuwa safi, na ulipunguza vifo vya pande zote. Kuhamisha watu kabla ya mapigano kuliokoa mamia. Kamanda hakuipa meli thamani kuliko waliomo.

Kilichoshindikana kilianza kabla yake. Meli ilipimwa kwa sifa yake kubwa, na sifa kubwa ya kitu ni mara chache inayokiangusha. Nilipokuwa napanga safari za malori ya bara, kampuni moja niliyoifanyia kazi ilinunua vichwa vya lori vyenye nguvu kuliko vyote sokoni, vilivyokuwa vikipanda milima kama mchezo. Mwezi wa tatu vilikuwa vinalala porini kusubiri dizeli, kwa sababu matangi yake na ulaji wake vilipangiwa nchi yenye kituo cha mafuta kila baada ya kilomita chache. Bosi alilaumu madereva. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka saini kwenye ripoti iliyosifia nguvu za injini, na safu ya mafuta niliijaza kwa kunakili takwimu za muuzaji.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi waache kuuliza "ina kasi gani?" waulize "ikiwa mbali na nyumbani, itakula kwa nani?" Kasi ya Kaiser Wilhelm der Grosse haikutumika hata mara moja kuikimbia manowari. Siku ilipohitajika, mnyororo wa nanga ulikuwa majini na magunia ya makaa yalikuwa sitahani. Huwezi kukimbia unakula.

Kosa la pili ni la mpangilio wa makaa wenyewe. Meli zote nne zilielekezwa sehemu moja. Kama kungekuwa na miadi kadhaa, ghuba tofauti, meli moja moja, usiku, siku moja kisha kuondoka hata bohari ikiwa nusu, Highflyer ingeikuta mchanga mtupu. Nusu ya bohari ikiwa baharini ni bora kuliko bohari iliyojaa ikiwa imekamatwa. Lakini meli yenye njaa kubwa haiwezi kuishi kwa vipande vipande. Kila kuhama kunakula sehemu ya kile ulichopakia. Ndiyo mtego. Kadiri ilivyokaa ili ishibe, ndivyo ilivyojifunga.

Linganisha na mwenzake wa kampuni ileile, Kronprinz Wilhelm, naye wa dohani nne, aliyegeuzwa manowari katikati ya bahari siku zilezile. Huyo alijifunza kula kwa mateka: akikamata meli anaing'ang'ania ubavuni, anachota makaa na chakula chake, ndipo anaizamisha. Ubavu wake ulipondeka kwa kugongana, lakini aliishi miezi minane. Aprili 1915 aliingia bandari ya Marekani mwenyewe, makaa yamekwisha na mabaharia wakiumwa beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini. Hata huyo aliyefaulu, aliyemtoa baharini ni njaa, ya meli na ya watu.

Na wasomaji wa pwani yetu wana mfano wao. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliondoka Dar es Salaam mwisho wa Julai 1914, ikakamata City of Winchester, meli ya mizigo ya Waingereza, karibu na Oman, ikazunguka ikitafuta makaa, mwisho ikajificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Ilitoka Septemba kuizamisha manowari ya Uingereza Pegasus pale Zanzibar, ikarudi, haikutoka tena. Mizinga yake ilikuwa ya milimita 105, sawa na ile ya Río de Oro. Meli ya kuiletea makaa, Rubens, ilifika Aprili 1915 ikijifanya ya Denmark, na ikaviziwa na kupigwa Manza Bay, kaskazini mwa Tanga, na manowari ya Uingereza Hyacinth. Hyacinth na Highflyer zilikuwa meli pacha, za ramani moja. Tofauti ya Königsberg ni kwamba ilipokufa mizinga yake iling'olewa, ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu, na mmoja wake upo Mombasa mpaka leo. Kaiser Wilhelm der Grosse haikuwa na bara la kuitegemea nyuma yake, ila mchanga.

Swali la mwisho la darasa huwa ni hili: basi wangetumia meli gani? Jibu lilitoka kwa jeshi la majini la Ujerumani lenyewe. Mwisho wa 1915 walipotafuta meli nyingine ya kugeuza, hawakugusa yenye dohani nne. Walichukua Pungo, meli ndogo iliyojengwa kwa ajili ya kubeba ndizi kutoka Kamerun, yenye mwendo wa wastani, sura ya meli yoyote ya mizigo na tumbo lenye nafasi kubwa la kutia makaa. Wakaipa jina la Möwe. Ilitoka, ikarudi nyumbani, ikatoka tena, ikarudi tena.